Picha ya Sekunde Tatu

Kwa miaka kumi na minane kazi ya dada yangu imekuwa kukataa. Sisi wengine tunatengeneza, yeye anakataa. Mume wake huchora na kuandika programu ya mchezo, mimi natia sauti, na kifurushi kikishafungwa kinakwenda kwenye meza ya dada, ile iliyo chini ya dirisha la uani, na hapo ndipo kicheko chetu huishia. Anakipitisha kwenye programu ya ukaguzi ambayo duka la michezo la mtandaoni limeitoa ili kila mtu ajikague kabla ya kutuma. Ukaguzi huchukua dakika kumi na moja. Dada huzikaa zote, mikono mapajani, haguswi wala hasemeshwi. Ripoti ikitoka anaisoma mstari kwa mstari kwa kidole, na mstari mwekundu anausoma kwa sauti mpaka mwenye kosa ajitaje. Ndiyo maana tunamwita Hakimu. Mumewe ndiye aliyeanza, kwa utani, jina likaganda, na siku hizi hata jirani akija kuazima ngazi humwulizia hivyo.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho na hasira zangu ziko karibu, afadhali niseme mapema. Nimewahi kutupa hedifoni ukutani kwa sababu mlio wangu wa mlango ulikataliwa mara tatu. Dada aliziokota, akaziweka mezani kwangu, akasema, "Mara ya nne itapita." Ikapita.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kilichokataliwa hakifutwi. Faili bovu hulitoa kwenye mchezo, huliandikia tarehe, na kulitia kwenye folda aliyoiita Jela. Ya pili, faili lililoingia Jela halifunguliwi. "Ripoti imeshasema kosa," husema. "Nikilifungua nitaanza kumhurumia aliyelichora." Basi huchukua lililo zima kwenye akiba, hulipachika mahali pake, kisha hufunga kifurushi upya. Hiyo sheria ya pili nimeilaani mara nyingi tangu mwaka jana.

Mumewe tunamwita Fundi. Mtu mpole, mrefu, anayeinama kwenye milango hata isiyo mifupi. Mchezo uliotupatia umaarufu ni wake: paka anaiba kibunda cha uzi kwenye nyumba ya mshonaji, nawe unaufuata uzi chumba hadi chumba. Ukiufungua, kwanza inatokea picha ya paka amelala juu ya cherehani. Inakaa sekunde tatu, kisha mchezo unaanza. Picha hiyo ya kufungulia huwekwa kwa vipimo kadhaa, kila aina ya skrini na yake: ya simu, ya kompyuta, ya tableti. Kila jioni Fundi hukitia kifurushi cha siku hiyo kwenye tableti yake kuukuu iliyopasuka pembeni. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, hukaa varandani peke yake na kuufungua mchezo. Anasema anamjulia hali paka. Amefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Anaweza kusahau kuvaa viatu, lakini paka hamsahau.

Mwaka jana duka lilituandikia barua. Masharti yamebadilika, na mchezo ambao hautatimiza masharti mapya kabla ya mwisho wa mwezi utaondolewa. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Fundi alitengeneza alichotakiwa kutengeneza, akafunga kifurushi, akakituma kwenye meza ya Hakimu, naye akakaa dakika zake kumi na moja.

"Picha ya kufungulia, ya tableti," akasoma. "Vipimo si vinavyotakiwa. Nani?"

"Mimi," alisema Fundi. "Mzee mzima nimeshindwa kupima picha."

"Shemeji, au paka kanenepa?" nilisema, tukacheka wote. Dada akaitia picha Jela bila kuifungua, akapachika ya akiba. Kwenye kompyuta yake mchezo ulifunguka na picha ya kompyuta, paka yule yule, hivyo hakukuwa na la kushangaza.

Wiki iliyofuata mstari mwekundu ulikuwa mwingine. Kila kifurushi hutiwa cheti, kama muhuri, chenye jina la aliyekitoa, na jina hilo lazima lilingane na lililosajiliwa dukani. Dada aliusoma, akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Kisha akasoma tena, polepole.

"Jina la mchapishaji kwenye cheti halilingani. Lililoandikwa ni Meza Moja."

Hakuna aliyecheka. Meza Moja ndilo jina tulilokuwa nalo tulipoanza, watu watatu kwenye chumba cha kupanga chenye meza moja na dirisha lisilofungika. Tuliliacha miaka kumi na mitano iliyopita. Cheti chetu halali kimo kwenye flashi nyekundu, na Fundi hakukitumia. Alikuwa amekaa akatengeneza kingine kipya kabisa, akajaza fomu yote, na mahali pa jina akaandika la zamani. Mahali pa anwani aliandika chumba kile cha kupanga.

"Nani?" dada aliuliza, ingawa watatu wote tulijua.

Fundi aliinama akaisoma ripoti mwenyewe. "Kwani tumebadilisha lini?" alisema. Halafu akacheka, akajipiga kofi kwenye paji la uso, akasema usingizi haumtoshi siku hizi.

Dada alinifuata uani nikiwa navuta hewa. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia meza na alikuwa anakikunja, anakikunjua.

"Baba mkwe alianza hivi hivi," alisema. "Alianza na anwani. Akitumwa dukani anarudi nyumba waliyohama zamani."

Nilimkumbuka mzee. Alimaliza maisha yake akimwita mwanawe wa pekee "wewe mgeni," na kumkaribisha kwa adabu kila anapoingia chumbani.

"Tulipomzika, Fundi aliniapisha," dada aliendelea. "Alinishika mkono pale pale kaburini. 'Siku mimi nikianza kama baba, usinifiche. Wewe ndiye unayeona makosa, basi uniambie la kwanza.' Nikamwambia, 'Nitakuambia.'"

"Basi mwambie."

"Labda ni usingizi kweli."

"Dada, umemkatalia mtu mlio wa mlango mara tatu, leo unampitisha huyu kwa usingizi?"

Alinitazama kwa macho ambayo sikuyazoea kwake. "Ule ulikuwa mlango," alisema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo nilimwona dada yangu akifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Aliacha kusoma kwa sauti. Picha ya tableti ilikosea tena, na mara hii muda nao pia: mahali palipoandikwa sekunde tatu sasa palikuwa na kumi na mbili, na ukaguzi ukasema programu inachelewa kufunguka. Dada alirudisha tatu, akatia picha Jela, akafunga ripoti, akasema, "Kuna kidogo tu, nimeshamaliza." Siku nane baadaye picha ilikosea tena, na muda ulikuwa sekunde ishirini. Akarekebisha kimya. Hakimu akawa mficha ushahidi, na mimi nikawa namsaidia. Nikiona Fundi amesimama mbele ya kabati na kusahau alichofuata, natia mzaha ili asione kwamba nimeona. Mama yetu alikuwa na usemi wake kuhusu mficha maradhi. Sikutaka kuumaliza hata kichwani.

Mzaha mwingine ninaouonea aibu mpaka leo ni wa kinyozi. Fundi alianza kwenda kwa kinyozi kila Jumanne. Anarudi saa mbili baadaye, nywele zile zile.

"Shemeji, kinyozi wako anakunyoa kwa macho?" nilimwuliza siku moja.

"Foleni," alisema. "Watu wengi, shemeji."

"Kila Jumanne?"

"Kila Jumanne," alisema, akatabasamu, akaenda kunawa mikono.

Zilipobaki siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya duka, ilikuwa Jumanne. Fundi aliacha kifurushi mezani kwa Hakimu akaondoka. Kulikuwa na mawingu, na chumba chetu kikiwa na mawingu huwa na kiza hata saa nne asubuhi, lakini dada hakuwasha taa. Dakika kumi na moja zikaisha. Nilisogea nyuma yake nikasoma mwenyewe. Picha ya kufungulia ya tableti: vipimo si vinavyotakiwa. Muda wa kufunguka: sekunde arobaini na tano.

Tatu, kumi na mbili, ishirini, arobaini na tano. Mtu akisahau, anasahau ovyo, mara juu mara chini. Hizi zilikuwa zinapanda tu.

"Kwa nini arobaini na tano?" nilisema.

"Sijui." Dada alikuwa ameshaanza kuandika tarehe kwenye jina la faili ili alitie Jela.

"Fungua hiyo picha."

"Haifunguliwi."

"Dada, ifungue!"

"Nimekwambia haifunguliwi! Nikishaiona nitakuwa nimeiona!"

Hapo ndipo hasira zangu ziliposhika kazi. Nilimnyang'anya kipanya. Sijawahi kumnyang'anya dada yangu kitu tangu nikiwa mdogo, na wakati ule nilichapwa. Nilibofya.

Hakukuwa na paka. Ilikuwa picha ya dada mwenyewe, ya miaka kumi na mmoja iliyopita, siku mchezo ulipoingia dukani mara ya kwanza. Amevaa gauni la kijani, nywele zake nyeusi amezisuka, anacheka na mkasi mkononi kwa sababu tulikata utepe mlangoni kama watu wakubwa. Chini yake Fundi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa michezo, herufi kubwa nyeupe:

HUYU NI MKE WAKO. UNAMWITA HAKIMU. AKIINGIA, MSALIMIE WEWE KWANZA.

Dada hakulia. Aliirudia kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyosoma ripoti. Kisha yeye mwenyewe akachukua kipanya, akafungua Jela.

Picha ya kwanza ilikuwa karatasi tupu ya manjano yenye maneno: Kalamu ya kuchorea iko droo ya kushoto. Usimuulize mtu. Ya pili, ile iliyokuja baada ya cheti: Jina letu si Meza Moja tena. Cheti kiko kwenye flashi nyekundu. Usitengeneze kingine. Ya tatu: Jumanne, daktari. Nyumbani sema kinyozi. Hakimu asijue mpaka paka apite.

Kila kitu kilikuwa wazi, na afadhali kisingekuwa. Fundi alikuwa ametafuta mahali pa kujiachia maneno, mahali ambapo hata akisahau yote atapita, na mahali hapo ni pale anapomjulia hali paka. Kila asubuhi varandani alikuwa anafungua mchezo na kujisomea. Muda ulikuwa unaongezeka kwa sababu kusoma kulikuwa kunamchukua muda zaidi. Alibadilisha picha ya tableti tu ili sisi tusione, na kosa lake likawa moja tu: jioni ya kufunga kifurushi cha kutuma alisahau kumrudisha paka.

"Alikuwa akiniambia," dada alisema. "Mwezi mzima ananiambia, mimi namfunga Jela."

"Hakuwa anakuambia wewe. Alikuwa anajiambia."

"Usinifundishe kazi," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Fundi alirudi saa sita kasorobo. Alitupitia kwa macho mmoja mmoja, akaona skrini, akaona alichokiacha. Akavuta kiti chake, akakaa taratibu.

"Fundi," dada alisema, "nywele hazijakatwa."

"Najua."

"Na mimi najua." Alivuta pumzi. "Uliniapisha nikuambie. Nakuambia sasa. Umeanza kama baba. Nimechelewa, na sina la kujitetea."

"Tangu lini umejua?"

"Tangu Meza Moja."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. "Mimi kabla ya hapo. Nilikuwa njiani, hapo tu kona ya pili, nikasimama nikisubiri nikumbuke ninakwenda wapi. Nikasubiri sana." Alinigeukia mimi. "Kinyozi wangu anasema haina dawa ya kuirudisha, shemeji. Ya kuichelewesha tu." Alijaribu kucheka. Mimi ndiye niliyetoka nje kulia, mtu mzima na ndevu zangu, nikiegemea tangi la maji.

Siku ile ile dada alimpachika paka mahali pake, akarudisha sekunde tatu, akatia cheti cha flashi nyekundu, akaendesha ukaguzi. Ripoti ilitoka kijani juu mpaka chini. Duka likaupokea mchezo, na mpaka leo uko pale, watu wanaufuata uzi ule bila kujua lolote. Hatukusherehekea. Fundi alisema, "Afadhali," akaenda kulala mchana.

Kesho yake nilimkuta Hakimu anafunga kifurushi kingine. Hiki hakikuwa cha duka. Kilikuwa cha tableti moja. Aliichukua picha yake ya gauni la kijani, akaipima sawasawa, akasafisha herufi zisomeke, na mahali pa muda akaandika dakika moja. Kisha, kwa kuwa mazoea ni mazoea, akakikagua. Mstari mwekundu ukatokea: programu inachelewa kufunguka. Aliusoma kwa sauti.

"Nani?" nilimwuliza.

"Mimi," alisema, akakipitisha hivyo hivyo. Ndicho kitu cha kwanza kibovu kilichotoka kwenye meza ile.

Miezi ikaenda. Daktari alisema kutakuwa na siku nzuri na siku mbaya, lakini nzuri zilikuwa zinatuaga moja moja. Fundi aliacha kuandika programu, akabaki kuchora, kisha akabaki kuchora paka tu, wote wanaangalia upande mmoja. Asubuhi aliendelea kukaa varandani na tableti yake. Anaifungua, anasoma, anaiweka mapajani, anasubiri. Dada akitokea na chai, Fundi huwahi: "Hakimu, umeamkaje?" Naye hujibu kana kwamba hajui kilichoandikwa. Kwa dada hiyo ndiyo ilikuwa saa ya siku nzima. Mengine yote alikuwa amekubali yaende, lakini salamu ile aliilinda. Alikuwa akiamka mapema kuhakikisha tableti imejaa chaji.

Juzi nilifika kabla ya saa moja. Nilikuwa nimesimama kwenye geti nafunga kamba ya kiatu, hawakuniona. Fundi alikuwa kwenye kiti chake na mwanga wa tableti usoni. Dada akatoka na kikombe. Fundi akainua uso, akamtazama. Akaitazama skrini. Akamtazama tena, kwa makini, nywele zake fupi zilizogeuka nyeupe, miwani, kanga aliyojifunga kifuani. Akarudi kwenye skrini kwa yule wa gauni la kijani. Nilihesabu moyoni bila kutaka, na dakika nzima ilipita.

Kisha akasimama, akainama kidogo kama anavyoinama milangoni, akatabasamu vizuri kabisa.

"Hujambo, mama? Karibu," alisema. "Unamtafuta Hakimu? Yuko ndani, sasa hivi atatoka."

Kikombe hakikumwagika. Nilikuwa nakitazama, hakikumwagika hata tone. Dada alikiweka juu ya kimeza, karibu na mkono wa kulia wa Fundi, anapokipenda.

"Sijambo," alisema. "Ndiyo, namtafuta. Nitamsubiri ndani."

Alipita mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye meza yake, akawasha kompyuta. Nilimfuata. Alikuwa ameshafungua folda ya picha, na ile ya gauni la kijani ilikuwa mbele yake. Aliiandikia tarehe, akaitia Jela.

"Haijalingana," alisema. "Kosa ni langu, nilipaswa kuliona. Leta kamera."

"Dada, pumzika kwanza."

"Leta kamera, chai itapoa." Alivuta kiti mpaka chini ya dirisha, akakaa, akavua miwani, akafikiri, akairudisha. Alifuta uso kwa pembe ya kanga. "Usinipambe. Nipige kama nilivyo leo. Na kila mwanzo wa mwezi utanipiga nyingine."

Nikapiga. Aliniuliza kama vipimo ni vile vile vya tableti, nikamwambia ni vile vile, akageukia kompyuta na kuanza kuandika maneno chini ya picha.